Jiometri ya mbele ya Beetle ya 1967: kupima nyumbani kwa uzi, timazi na hosi ya maji

FundiCasuarina (Malindi)

Hamjambo nyote. Kuna swali linalorudi humu kila mara: gari la zamani limerejeshwa, rangi inang'aa, injini inanguruma vizuri, lakini barabarani linatangatanga kama halina mwenyewe. Nilipeleke alaimenti gani, yaani kupangiwa pembe za magurudumu?

Jibu langu: usilipeleke popote kwanza. Mashine ya alaimenti inapima tu. Ukiipelekea gari lenye bushi zilizokufa na chesisi iliyoliwa na kutu, itakutolea karatasi yenye namba nzuri, na ukipita tuta la kwanza namba zile zimeshahama. Mimi naona watu wengi wanaanza na tairodi, zile fimbo zinazotoka boksi ya steringi kwenda magurudumuni, kwa sababu ndiyo iliyo rahisi kufikiwa na spana. Tairodi ni ya mwisho kabisa. Nafungua mada hii niieleze kazi kwa mpangilio wake, na wenye magari mengine mchangie.

Gari langu ni Volkswagen Beetle ya 1967 yenye boli jointi mbele, yaani viungo vya tufe ambavyo gurudumu hugeukia. Nalitaja toleo kwa makusudi. Beetle za kabla ya toleo la 1966 zina kingipini, yaani pini badala ya tufe, na kemba yake hupangwa kwa shimu, vile vipande vyembamba vya chuma vya kujazia. Ile Beetle 1302 iliyoanza 1970 ina MacPherson, yaani shokabsoba yenyewe ndiyo inayolishika gurudumu. Usichukue namba za gari moja ukazivisha jingine.

Kwa asiyejua, pembe zenyewe ni tatu. Simama mbele ya gari utazame tairi linavyoegemea: kichwa chake kikitoka nje ni kemba chanya, kikiingia ndani ni kemba hasi. Kisha nenda ubavuni, ufikirie mstari unaopita boli jointi ya juu na ya chini. Mstari ule ukilala nyuma kwa juu, hiyo ni kasta chanya, mfano wa uma wa baiskeli. Kasta ndiyo inayofanya usukani urudi wenyewe baada ya kona na gari lishike mstari wake kwenye upepo. Ya tatu ni toini, tairi mbili kubanana mbele kidogo kuliko nyuma.

Kitabu cha gari hili kinataka kasta digrii 3 na dakika 20, kukiwa na ruhusa ya digrii 1 juu au chini. Kemba ni chanya dakika 30, ruhusa dakika 20. Toini ni jumla ya dakika 30, ruhusa dakika 15. Digrii moja ina dakika 60, msisahau.

Sasa kazi. Kabla ya kupima chochote, lala chini ya gari na nyundo ndogo. Ekseli ya mbele ya Beetle, yale mabomba mawili, imefungwa kwa bolti kwenye kichwa cha chesisi, na kichwa hicho ndicho kinachooza. Sisi huku tunapumua chumvi usiku na mchana, na aliyewahi kufanya kazi kule kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni anajua bati linavyokwisha. Gonga kila mahali. Ukisikia mlio mfu badala ya mlio wa chuma kizima, acha habari za pembe umwite mchomeleaji. Ekseli iliyofungwa kwenye bati bovu haina jiometri ya kupima.

Kikishakuwa kizima, kagua boli jointi zote nne, beringi za magurudumu, ncha za tairodi, na uchezi wa boksi ya steringi. Zungusha kila rimu hewani ukiwa umesimamisha kijiti karibu na ukingo wake. Rimu inayoyumba itakudanganya kwenye kila kipimo kitakachofuata. Tia pumzi sawa kulia na kushoto. Beetle mbele inataka kidogo sana, kama psi 16, na wengi huku wanaijaza 30 kisha wanalalamika gari linaruka.

Sakafu. Hapa ndipo watu wanapopuuza. Chukua hosi nyembamba inayoonyesha, ile ya waashi, uijaze maji, usawazishe sehemu nne ambazo magurudumu yatakanyaga. Palipo chini weka vipande vya mbao au vigae mpaka maji yakubali. Mimi sikuhitaji sakafu ya kifahari, nyumba yangu ina saruji ya kawaida tu.

Kisha urefu wa gari kutoka chini. Jaza tanki kwanza, kwa sababu tanki la Beetle liko mbele na linabeba lita 40, na uzito huo unaishusha pua. Likishatoka kwenye jeki usilipime papo hapo. Tairi zimejikunja pembeni na zinalishikilia gari juu. Lisukume mbele na nyuma, ulitikise mbele na nyuma, liache likae.

Gari langu mimi lilishushwa mbele na aliyekuwa nalo zamani. Hapa kuna hesabu ambayo nataka kila mwenye Beetle aijue. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni milimita 2400. Pua ikishuka milimita 42 huku nyuma ikibaki pale pale, gari zima limeinama digrii 1, na kasta imepungua digrii 1 hiyo hiyo. Vivyo hivyo ukiinua nyuma. Wanaoshusha pua kwa urembo halafu wakalaumu tairi, hapo ndipo ugonjwa ulipo.

Kupima kasta: weka chini ya kila tairi la mbele vigae viwili laini vilivyopakwa grisi katikati, ili tairi ligeuke bila kujikokota. Breki ishikwe, ubao kati ya kiti na pedali unatosha. Chora sakafuni mstari wa digrii 20. Ni rahisi: pima milimita 1000 kwenda mbele, milimita 364 pembeni, unganisha. Geuza gurudumu digrii 20 kuelekea nje, tundika timazi kando ya rimu, pima umbali wa rimu na uzi juu na chini. Geuza digrii 20 kuelekea ndani, pima tena. Tofauti ya kemba kati ya vipimo hivyo viwili, zidisha kwa 1.46, ndiyo kasta yako.

Na kugeuza milimita kuwa digrii: kama sehemu mbili unazogusa kwenye rimu zimeachana milimita 400, kila milimita 7 ni digrii 1. Kwa hiyo kasta ya kitabu, digrii 3 na dakika 20, itakuonyesha tofauti ya milimita 16 hivi. Unaiona kwa macho na rula ya shule.

Yangu ilitoka kama digrii 2 pande zote mbili. Nimeinua pua mahali pake na kasta imerudi bila kugusa kitu kingine. Kemba na toini nitaendelea chini, kwanza maswali.

---

Binti_wa_Gereji (Malindi)

Shukran sana kaka. Mimi nina Beetle ya 1969, naitengeneza na ndugu yangu. Sisi tunapenda pua iliyoshuka, hatutaki kuirudisha juu. Je, tumekosa kasta milele?

---

FundiCasuarina

Hapana dada. Bomba la chini la ekseli linaweza kusogezwa mbele kwa shimu, kati ya bomba na kichwa cha chesisi, kwenye bolti zile mbili za chini. Chini ikienda mbele, mstari wa boli jointi unalala nyuma zaidi na kasta inaongezeka. Nunua shimu zilizotengenezwa kwa kazi hiyo au kerezesha za chuma. Washa zilizorundikwa sizikubali hata kidogo, maana ekseli nzima inaning'inia hapo. Na bolti iwe ndefu vya kutosha, uzi wake uingie wote kama ulivyokuwa unaingia kabla ya shimu.

Jambo jema la ekseli hii ni kwamba mikono ya juu na ya chini iko sambamba, ikielekea nyuma. Gurudumu likipanda na kushuka, kasta kwa chesisi haibadiliki. Ukishaipata umeipata.

Lakini tazama tairodi zako. Ukishusha pua zinapanda kwa pembe kali, na gurudumu likipita shimo linajigeuza lenyewe. Hilo shimu haziliponyi. Ndiyo maana mimi nilichagua kuirudisha juu, na ningekushauri angalau upunguze ushukaji.

---

MzeePijo (Mambrui)

Kijana, umesema kweli tupu kuhusu tairodi kuwa ya mwisho. Naongeza ya Peugeot, kwa sababu 404 na 504 bado zipo nyingi mashambani na watu wanazifufua.

Pijo mbele ina MacPherson. Kemba na kasta havina pa kurekebishwa. Hakuna bolti ya kuzungusha, hakuna shimu. Kwa hiyo mtu akikwambia "kemba ya 404 yako imetoka, nitairekebisha", muulize atairekebisha kwa nini. Kama imetoka, basi kuna kitu kimepinda au kimekufa: mkono wa chini, bushi, chuma cha shokabsoba, au mlingoti wa ndani ambako shokabsoba inafungwa juu. Wapo waliokwisha kuipasha moto na kuivuta kwa mnyororo. Gari la namna hiyo mimi silipandi.

Kuna njia ya kujua kama fimbo ya shokabsoba imepinda bila kuifungua. Gari likiwa chini, legeza nati ya juu, zungusha fimbo yenyewe polepole huku mwenzako akitazama timazi kwenye rimu. Kemba ikicheza ndani na nje, fimbo imepinda. Ikitulia, tafuta kwingine.

Kutafuta kwingine ni chaki na timazi. Shusha timazi kutoka kwenye bolti zinazofanana kulia na kushoto, weka alama sakafuni, sogeza gari, pima mikingamo, kona hadi kona. Mafundi wa majahazi huku pwani wanapima mbavu za chombo kwa uzi, na chombo kinakwenda Zanzibar na kurudi. Sioni kwa nini gari liwashinde watu.

404 iliwahi kushinda Safari Rally 1963, kisha 1966 na 1967 kwa mkono wa Bert Shankland na Chris Rothwell wa Tanzania, halafu 1968 tena. Gari lile limeundwa kustahimili. Likitangatanga, kosa ni la kilichochakaa, umbo lake halina lawama.

---

FundiCasuarina

Ahsante mzee wangu, hiyo ya kuzungusha fimbo ni hazina. Wenye 1302 na 1303 waisome mara mbili, inawahusu wao pia.

Naendelea na kemba ya Beetle ya boli jointi. Boli jointi ya juu imepita ndani ya bushi ya eksentriki, yaani bushi ambayo tundu lake halipo katikati. Ina pengo dogo ukingoni. Pengo likitazama mbele ya gari, bushi iko kati. Legeza nati, izungushe, kemba inabadilika. Usivuke robo mzunguko kutoka kati, kulia wala kushoto. Ukiona robo nzima haijatosha, rudi kwenye maneno ya MzeePijo: kuna mkono au stabu (chuma kinachobeba gurudumu) iliyopinda. Nimeona watu wanazungusha mpaka nyuma kabisa wafurahie namba, kisha kasta ya upande ule inahama nao hawajui. Kila ukigusa kemba, rudia kasta.

Kwa kipimo changu cha milimita 400, dakika 30 ni milimita 3 na nusu. Lakini naomba sana, hesabu hiyo isikufanye ufukuze nusu milimita na kusahau usawa. Kulia na kushoto kufanana ni muhimu kuliko kugonga namba ya katikati. Pande mbili zikiwa na dakika 20 kila mmoja, gari litakwenda moja kwa moja. Moja ikiwa na 10 na nyingine 50, zote zimo ndani ya ruhusa, lakini gari litavutwa upande wenye kemba chanya kubwa.

---

Amu_LandRover (Lamu)

Assalam aleikum. Salamu kutoka Amu. Gari yangu naiweka Mokowe, huku kisiwani tunatembea na punda na mashua. Ni Land Rover Series III ya chesisi fupi, nataka niitumie barabara ya Witu hadi Garsen. Mbele ina ekseli nzima na springi za majani. Je, haya yenu yananihusu?

---

FundiCasuarina

Wa aleikum salaam shekhe. Yanakuhusu, ila kwako ni machache. Kitabu cha Series kinataka kemba digrii 1 na nusu, kasta digrii 3, mwinamo wa pini za kugeuzia digrii 7, na toini milimita 1.2 hadi 2.4. Kemba na ule mwinamo vimo ndani ya chuma chenyewe, huna la kufanya isipokuwa kukagua kwamba ekseli haijapinda na pini na bushi zake hazijalegea. Kasta inategemea springi. Springi zikilala, au ukiweka springi mpya zenye umbo tofauti, ekseli inajizungusha. Dawa yake ni kabari ya chuma kati ya springi na ekseli, digrii inayohitajika, pande zote mbili sawa.

Kwako wewe unayevuka maji ya chumvi, tazama zile tufe za kugeuzia kwenye ncha za ekseli. Zikishaanza mashimo ya kutu zinakata sili, oili inatoka, pini zinakauka, na hapo usukani unaanza kutetemeka. Watu wanafunga damperi ya steringi kuficha mtetemo huo. Tafuta pini kwanza.

---

Nailoni_Safi (Watamu)

Mimi nina swali la ubishi kidogo. Namba hizi za vitabu ziliandikwa enzi za tairi za nailoni, zenye nyuzi za mshazari zinazopishana. Leo sote tuna radiali, zenye nyuzi zinazokatiza tairi moja kwa moja. Mbona mnazifuata kama msahafu?

---

FundiCasuarina

Swali zito, na linastahili jibu refu.

Toini ipo kwa sababu gari la kusukumwa na magurudumu ya nyuma linaburuza yale ya mbele. Mburuzo unayavuta magurudumu nyuma, bushi na viungo vinalegea kidogo, na tairi zinafunguka mbele. Toini uliyoiweka gari likiwa limesimama inaliwa na mwendo, na barabarani tairi zinabaki karibu sambamba. Mini ni kinyume chake. Magurudumu yake ya mbele ndiyo yanayovuta, yanajibana yakikaza mwendo, na kwa hiyo kitabu chake kinataka toauti, yaani tairi kufunguka mbele, milimita 1.6. Ukilielewa hilo hutawahi kuchanganya gari na gari.

Radiali inaburuza kidogo kuliko nailoni, kwa hiyo inahitaji toini ndogo. Mimi kwenye Beetle yenye radiali naweka karibu na mpaka wa chini wa ruhusa, dakika 15 hadi 20 jumla. Kemba naiacha ndani ya kitabu, upande wa chini. Kasta siipunguzi kamwe. Radiali haipotezi chochote kwa kasta kamili, usukani unakuwa mzito kidogo tu ukiegesha. Kwa hiyo siendi nje ya kitabu, nachagua upande ndani ya ruhusa yake. Hapo tunakubaliana?

---

Nailoni_Safi

Nimekuelewa. Nilidhani unasema kitabu kizima kiachwe au kizima kishikwe.

---

Binti_wa_Gereji

Tumefanya hosi na vigae, tumepata kasta digrii 3 kasoro kidogo na shimu moja, kemba dakika 25 kulia na 20 kushoto. Sasa toini. Uzi tuufunge wapi? Nyuma yetu inaonekana pana kuliko mbele.

---

FundiCasuarina

Mashallah, hizo ni namba nzuri sana. Na jicho lako liko sawa, nyuma ya Beetle za miaka hiyo ni pana kuliko mbele. Ndiyo maana uzi usiegemezwe kwenye tairi la nyuma.

Simamisha vigoda vinne, viwili kila upande. Funga mshipi wa kuvulia, mwembamba na uliokazwa, kwa urefu wa kitovu cha gurudumu. Sogeza mpaka umbali wa mshipi na kitovu cha mbele uwe sawa kulia na kushoto, na vile vile nyuma, na mishipi miwili iachane kwa kipimo kimoja mbele na nyuma. Hapo mishipi iko sambamba na gari.

Kabla ya kugusa tairodi, weka boksi ya steringi katikati yake halisi. Hesabu mizunguko kutoka mwisho hadi mwisho, rudi nusu, kisha ufunge usukani usisogee. Boksi ina sehemu ya katikati ambayo haina uchezi. Ukiipanga vibaya utaendesha siku zote kwenye sehemu iliyolegea. Usukani ukikaa upande, uvue na uurudishe sawa, usiusawazishe kwa tairodi.

Sasa pima ukingo wa mbele na wa nyuma wa rimu hadi kwenye mshipi. Mbele ikiwa mbali zaidi na mshipi, hiyo ni toini. Kwa dakika 15 hadi 20 jumla, kila gurudumu linahitaji kama milimita 1 tu. Gawanya sawa. Tairodi fupi ni ya upande wa dereva, ndefu ya upande wa abiria, na kila moja inashughulikia gurudumu lake. Kila ukigeuza tairodi, sukuma gari nusu mita mbele ndipo upime.

---

MzeePijo

Binti, mkienda kulijaribu, msilijaribu kwenye barabara iliyoinama pembeni mkasema linavuta. Sisi tunaendesha kushoto, na lami imemwagwa ishuke kushoto ili maji yatoke. Gari zima kabisa litateleza kushoto taratibu. Tafuta mahali tambarare, asubuhi kabla upepo haujaamka. Kusi ikivuma kwenye daraja la Sabaki hata gari jipya linasukumwa.

Likivuta kwa nguvu, badilisha tairi za mbele, ya kulia iende kushoto. Mvuto ukihama, kosa ni la tairi. Usipohama, rudi kwenye timazi.

---

Binti_wa_Gereji

Tumelijaribu barabara ya uwanja wa ndege alfajiri. Usukani unarudi wenyewe ukiuachia baada ya kona, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu tulinunue. Kuna mvuto mdogo wa kulia. Tumebadilisha tairi, umehamia kushoto.

---

FundiCasuarina

Basi ni tairi, jiometri yenu iacheni kama ilivyo. Fungeni nati za kufungia tairodi, pigeni mstari wa rangi kwenye kila bolti mliyogusa, pamoja na zile mbili za shimu, na mpime urefu na toini tena baada ya kilomita 500. Bushi mpya zinakaa, na gari litashuka milimita chache.